Dawa Niliyoiacha Ndani ya Injini

Kaptembwo, Jumapili alasiri

Nekesa mwanangu,

Kofi la jana sikuombi msamaha kwa ajili yake. Nakuambia mapema usije ukasoma barua yote ukitafuta pahali nimeandika pole. Najua ilivyoonekana. Msichana wa miaka ishirini na miwili, fundi mwenye cheti chake, anazabwa kofi na mamake mbele ya wateja, na hakuna anayemwambia kosa lake ni nini. Leo umetoka kanisani ukapitiliza kwa msusi, na nywele zako nazijua, hazimaliziki kabla ya giza. Nafasi hiyo ndiyo naitumia. Ana kwa ana ungenitazama kwa hayo macho ya baba yako, na mimi ningeanza kupiga kelele kama kawaida yangu, na kelele ndizo zimeniwezesha kuficha hili jambo hadi leo.

Kesho unaenda kuanza kazi shambani Ndabibi, na sitakuambia ule vizuri wala ubebe sweta. Huko kuna baridi, utaisikia mwenyewe kwenye mifupa. Kama kufikia umri huo hujui kufunga mlango usiku na kuchagua marafiki, basi mimi nilikuwa nalea mbuzi.

Turudi jana. Uliingia gereji na katoni ya ile dawa ya kuoshea injini, ile mnayoita flashi, umefurahi hata ukasahau kunisalimia. Shamba limekupa pikipiki zake zote uzitunze, na meneja amekuambia injini ni chafu, oili imekuwa nyeusi tii na nzito kama uji. Nikakuuliza utafanyaje. Ukaegemea meza yangu, ukasema, "Mathe, hiyo ni rahisi. Namwaga dawa ndani, nawaambia waendeshe nayo kidogo, waende sokoni warudi, ndio izunguke vizuri. Wakirudi namwaga oili."

Sikumbuki nikiinua mkono. Nakumbuka tu sauti ya kofi na mteja mmoja anayebeba mkaa kwa pikipiki akisema, "Ai, mama!"

Hayo maneno ni yangu, Nekesa. Niliyasema kwa mdomo huu, karibu neno kwa neno, na niliyemwambia ni baba yako. Ilikuwa siku ile hakuja kukuchukua shuleni.

Hiyo siku wewe unaikumbuka kwa upande wako. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisimama getini na begi juu ya kichwa kwa sababu ya mvua, wenzako wakaisha mmoja mmoja, mwalimu wa zamu akakupeleka ofisini, na ilipofika magharibi akaja jirani kukuchukua. Nilikuambia baba yako ameanguka na pikipiki barabara ya Njoro kwa sababu alikuwa amekunywa. Miaka kumi na mitatu umeishi na hilo. Sasa nikupe upande wangu, na ukae chini kama umesimama.

Wakati huo nilikuwa fundi mwaka wa pili tu katika kile kibanda cha mabati karibu na stage ya bodaboda. Unajua ilivyokuwa. Wanaume walikuwa wanakuja kunitazama nikifungua bolti kama watu waliokuja kuona sarakasi. Wengine walikuwa wananiletea pikipiki ili tu waone nikishindwa. Pikipiki ya baba yako ndiyo ilikuwa tangazo langu. Ikinguruma vizuri pale stage, waendeshaji wenzake wanamuuliza nani ameitengeneza. Nayo wiki hiyo ilikuwa inakohoa hadi naona aibu. Ilikuwa ya mkono wa tatu, na wale wawili wa kwanza sijui kama waliwahi kuibadilisha oili tangu itoke dukani. Nilipofungua kifuniko nikachungulia, tope lilikuwa limejibandika kila pahali.

Fundi mwenye akili angefunga kifuniko akafikiri. Injini ya namna hiyo haioshwi kwa dawa kali. Unaibadilishia oili, inatembea wiki chache, unabadilisha tena, na tena, tope linatoka kidogo kidogo kama deni la mtu mgumu kulipa. Ukilitia dawa lote kwa mara moja linabanduka mapande mapande na kuelekea mahali pabaya kuliko pale lilipokuwa limelala, kwenye kichujio cha pampu. Kichujio kikiziba, oili haipandi. Oili isipopanda, chuma kinasaga chuma.

Hayo sikuyajua, na sikuuliza, kwa sababu wa kumuuliza angekuwa mwanaume na angecheka. Nilikuwa na chupa ya dawa niliyopewa na dereva wa lori, imebaki zaidi ya nusu. Ilikuwa ya magari. Yako ya jana pia ni ya magari. Nimeisoma mara mbili na miwani, na katoni nimeitoa kwa begi lako. Hukukumbuka kwamba klachi ya pikipiki inaogelea katika oili ileile ya injini? Chochote unachomimina humo kinailamba klachi pia. Cheti umepewa cha nini?

Nilimimina chupa yote. Nikaiwasha, nikaiacha ingurume, na kama ningaliifanya kazi inavyotakiwa ningalikuwa bado mtu mwema. Pikipiki iko juu ya stendi, gia hakuna, mkono mbali na aksileta, dakika zile zilizoandikwa kwenye chupa na si moja zaidi, halafu unazima na kumwaga yote ingali moto, ukijihadhari isikuunguze mikono. Unasafisha kichujio. Unatia oili mpya, na hiyo nayo unaimwaga mapema. Ndivyo ninavyofanya sasa, wewe umeniona mara nyingi, na ulidhani mama yako ni mtu wa polepole tu.

Baba yako akatoka chooni akatazama mawingu. Akasema, "Mvua inakuja na mtoto anatoka saa tisa. Hii kitu iko tayari?"

Nikamwambia, "Nenda nayo tu hivyo, si ni hapo karibu. Ikizunguka na dawa ndio inaosha vizuri. Ukirudi namwaga."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikamfokea. Nikamwambia kama anajua ufundi kuliko mimi achukue spana, mimi nikae stage nipige domo. Akacheka, akavaa helmeti, akaenda. Mtu alikuwa ameniuliza swali zuri mara moja na mimi nikamjibu kwa kiburi.

Hapakuwa karibu, unajua. Shule yako ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa na alikuwa anawahi mvua, kwa hivyo aliikamua. Ile dawa imeifanya oili kuwa nyepesi kama maji, tope limebanduka, kichujio kimeziba. Alipofika pale kwenye mteremko, injini ikashika. Injini ikishika kwa ghafla ukiwa kwenye gia, tairi la nyuma linakataa kuzunguka, na barabara ilikuwa imeshaanza kulowa. Akatupwa upande. Nyuma yake kulikuwa na lori la mawe. Dereva alijaribu, kila mtu alisema alijaribu. Mguu ulikatwa usiku uohuo, juu ya goti.

Pombe ilikuwepo. Sitaki udhani niliitoa hewani. Asubuhi hiyo kulikuwa na matanga ya jirani na baba yako alikunywa glasi moja ya busaa na wazee, saa tatu, pamoja na chakula. Waliomwokota barabarani walisikia harufu. Nilipofika hospitali mtu wa kwanza kukutana naye akaniambia, "Mama, pole, lakini mzee alikuwa amekunywa." Na mimi, kabla hata sijamwona, nilihisi kifua kimefunguka. Nilishukuru. Nimelitafutia neno lingine miaka hii yote na halipo.

Alipozinduka alisema, "Tairi ya nyuma ilishika yenyewe."

Nikamwambia, "Ulikanyaga breki. Ulikuwa umelewa ukakanyaga breki kwa maji."

"Glasi moja tu, Mama Nekesa."

"Moja uliyoihesabu."

Halafu akaanza kulia, na nikajua ameniamini. Alikuwa na homa, na dawa za maumivu zilikuwa zimemjaa kichwani, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia ilivyokuwa isipokuwa fundi wake. Ningemwambia jua linatoka magharibi, angekubali.

Pikipiki niliiendea mwenyewe na mkokoteni. Nilifunga mlango wa kibanda nikaifungua. Pistoni ilikuwa imejilehemu pale ndani. Kichujio kilikuwa kimejaa yale mapande meusi, na oili ilitoka kama chai ya rangi. Kila kitu kilikuwa pale, kimeandikwa kwa chuma, na hakuna aliyekiona ila mimi. Nikamwaga, nikapangusa, nikaipiga injini nyundo hadi isijulikane ilikufa kwa ugonjwa gani, na nikawapa watu wa skrapu. Siku iliyofuata nilifungua kibanda. Watu walikuja kunipa pole. Wakasema nina moyo, mwanamke na mume mlevi na bado anafanya kazi ya mafuta. Wateja wakaongezeka, Nekesa. Gereji iliyokusomesha imesimama juu ya huo mguu.

Unaweza kusema niliogopa kumwaga unga. Ni kweli, niliogopa. Fundi mwanamke aliyemkata mumewe mguu hangeletewa hata baiskeli. Lakini woga ulipita baada ya miezi michache na mimi sikusema. Kulikuwa na kitu kingine. Baba yako alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye mzaha, wa kunikosoa mbele ya watu. Baada ya ile ajali akawa mpole. Nikiongea ananyamaza. Nikimlaumu kwa chakula nilichounguza mimi, anakubali. Mume mwenye hatia ni rahisi kuishi naye, na mimi nilipenda huo urahisi. Nilikuwa namkaba na kumpakulia ugali kwa mkono uleule.

Hata wewe nilikutumia. Nilikufundisha kupiga magoti usiku useme, "Mungu msamehe baba ulevi wake." Alikuwa anakusikia kutoka kitandani, ukuta wenyewe ulikuwa wa karatasi.

Ukafika miaka kumi. Jumamosi moja alikuomba umletee maji, ukamwambia hivi, nami nilikuwa nasonga ugali hatua mbili kutoka hapo: "Wewe ungekuwa hukunywa ungekuja kunichukua." Hukupaza sauti. Alikutazama, kisha akanitazama mimi, akingojea nikukanye. Mtoto kumwambia baba yake hivyo, mama yeyote angemkanya. Mimi nikageuza mwiko. Wiki hiyo akahamia Bondeni kwa dadake, na mimi nikakuambia ametutoroka.

Tangu hapo hajaonja pombe, na si kwamba alikuwa mlevi hapo awali. Hajaingia kwenye kwaya tena, yeye aliyekuwa sauti nzito ya kanisa zima. Anakaa mbele ya duka la shangazi yako Nasimiyu akiwakatia wateja sukuma wiki, siku nzima, kisu na beseni. Mwaka jana ulimwona ukavuka barabara asikufikie. Ulinisimulia ukiwa na kicheko kidogo, na mimi nikakuongezea chai.

Na kila Disemba ananitumia ujumbe kwa simu. Haubadiliki: "Mama Nekesa, nisamehe kwa yale niliyowafanyia wewe na mtoto." Mimi humjibu, "Nilikusamehe zamani." Umesikia? Mimi ndiye nilimsamehe yeye. Kila mwaka. Kuna mwaka nilichelewa kujibu siku mbili kwa sababu nilikuwa na hasira naye ya jambo lingine, akapiga simu akilia akiuliza kama bado nimemsamehe.

Ndiyo maana nilikupiga. Nilimsikia mtu mwingine kabisa akipandishwa juu ya pikipiki, huko Ndabibi, mwenye mtoto anayemngojea getini, na sauti ya kumpandisha ilikuwa yako, na umeipata kwangu. Sijui uliisikia lini. Labda siku ileile, kabla ya shule. Labda nimeisema tena usingizini. Kofi lilikuwa langu, wewe lilikupata tu kwa sababu ulikuwa karibu.

Leo baada ya ibada ya kwanza sikuja nyumbani. Nilienda Bondeni. Sitajisifu, miguu ilikuwa inanirudisha nyuma kila kona. Nilimkuta na beseni lake. Akaniona akafikiri nimeleta habari ya kifo chako, hivyo ndivyo alivyozoea wema kutoka kwangu.

Nikamwambia yote nimesimama. Dawa, chupa ya lori, kichujio, skrapu. Hakuinua macho kutoka kwenye sukuma. Nilipomaliza akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Sikukanyaga breki?"

"Hukukanyaga."

"Nakumbuka ulisema nilikanyaga. Mpaka naota nikikanyaga. Naona mguu wenyewe ukishuka." Akamwita dadake aliyekuwa ndani. "Nasimiyu, kuja usikie hii kitu. Wewe, mwambie. Mwambie vile umeniambia."

Nikasema mara ya tatu, mbele ya Nasimiyu na mama mmoja aliyekuja kununua vitunguu. Nasimiyu hakunitukana. Alichukua yale maji ya kuoshea sukuma akanimwagia kifuani, akarudi ndani. Nguo yangu ya kanisa iko pale kwenye kamba, ukirudi utaiona.

Baba yako akauliza, "Mtoto anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Kesho anaenda kazi. Ukimwambia ataenda bila baba na bila mama. Acha apate mshahara wa kwanza, atulie, halafu tuone." Nilidhani ndio amenisamehe, mjinga mimi, nikanyoosha mkono kumshika bega. Akasema, bila kunitazama, "Toka hapa kabla sijasimama." Unajua inamchukua muda gani kusimama? Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuondoka, na bado nilikimbia.

Kwa hivyo hii barua ni kumkosea mara nyingine. Yeye alikutaka uende na akili iliyotulia. Mimi nimeona heri uende na akili iliyochafuka kuliko uende na uongo wangu ukifungua injini za watu. Utaharibu injini, hakuna fundi asiyeharibu. Siku utakayoharibu, sema siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni, hata kama watakufukuza. Ukilala nayo usiku mmoja, asubuhi itakuwa imeshakuwa mali yako na utaanza kuitunza.

Magari ya Naivasha utakayopanda kwenda kazini hayajai kabla ya saa nne. Kutoka stendi hadi Bondeni unatembea, na begi lako si zito tena. Mimi usinitafute asubuhi, nitakuwa nimefungua gereji, na sitaki uniage kwa adabu. Nenda kwake. Utamkuta amekaa, atajaribu kuficha kisu na kujipangusa mikono, na ataanza kukuomba msamaha kwa sababu ni mazoea na kwa sababu hajui kwamba unajua. Mkatize.

Ila usiende huko kumsamehe, Nekesa. Tumemsamehe vya kutosha mimi na wewe, na hakuna alichotukosea. Piga magoti, wewe ndiye umwombe.

Mama yako